Binti yangu anataka kuacha uuguzi awe kocha wa softiboli chuoni. Je, hiyo ni kazi ya kutegemewa?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa kumi na saba tangu tuhamie Houston, Texas. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, nami ninahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, mara nyingi zamu ya usiku. Ninakuandikia kuhusu binti yetu wa kwanza, mwenye umri wa miaka 24, na ninaomba unijibu kama dada mkubwa bila kunificha kitu, kwa sababu anatakiwa kutoa jibu kabla mwezi huu wa Juni haujaisha.

Tulipofika Marekani alikuwa na miaka saba. Alipotimiza kumi, mwalimu wake wa michezo alimvisha mkononi glovu ya softiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, na tangu siku hiyo hakuivua. Mimi nilidhani ni kitu cha namna ya rede tuliyocheza uani baada ya swala ya alasiri, mchezo ambao msichana huuacha mwenyewe akishavunja ungo. Haukuwa hivyo. Softiboli ilimpatia ufadhili wa sehemu ya ada katika chuo kikuu cha divisheni ya pili, yaani ngazi iliyo chini ya ile ya juu kabisa ya michezo ya vyuo, akacheza miaka minne akiwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa amevaa kinga ya uso na kifua, na akahitimu shahada ya biolojia. Kisha akabaki chuo kingine miaka miwili akiwa msaidizi wa kocha huku akisomea shahada ya uzamili, akilipwa posho ambayo haikutosha hata mafuta ya gari. Shahada hiyo ameimaliza mwezi uliopita.

Wakati huohuo alikuwa amekubaliwa katika kozi ya kasi ya uuguzi hapa Houston, nasi tulikwisha kulipa dola 500 ili nafasi yake isichukuliwe. Nilishukuru Mungu, nikaona miaka yangu ya kuinua na kugeuza wazee wa watu usiku kucha imepata maana. Wiki tatu zilizopita akaja akatuketisha, mimi na baba yake, akasema hataki uuguzi. Amepata kazi mbili za ukocha na anataka kuchagua moja.

Ya kwanza ni ya kocha mkuu katika chuo cha umma cha miaka miwili, kilichoko mji mdogo wa magharibi mwa Texas, mwendo wa saa nane kwa gari kutoka kwetu. Mshahara ni dola 41,000 kwa mwaka pamoja na chumba cha kuishi bwenini. Ya pili ni ya kocha msaidizi, wa tatu kwa cheo, katika chuo kikuu cha divisheni ya kwanza katika jimbo jingine, kwa dola 46,000 bila nyumba. Yeye anaitaka ile ya kwanza. Baba yake anasema kama ni lazima iwe mpira, basi achukue ya pili, kwa kuwa timu hiyo huonyeshwa kwenye televisheni na watu wanaijua. Mimi sitaki hata moja.

Mwalimu, nieleze kwa ukweli. Hii ni kazi ambayo mtu anaweza kuishi nayo mpaka akazeeka? Binti wa Kiafrika, mhamiaji, atapewa nafasi katika mchezo ambao kila nikiutazama naona nyuso za wenyewe? Ataolewa lini mtu ambaye kila mwisho wa wiki yuko ndani ya basi? Mwezi Aprili tulikuwa kwenye send-off ya binti wa rafiki yetu, mama mmoja akaniuliza mwanangu anafanya kazi gani, nikajibu kwamba ni mwalimu, halafu nikaona aibu kwa jinsi nilivyoharakisha kubadili mazungumzo.

Lakini mwezi huohuo nilikwenda kumtazama akiwa kazini, mara ya kwanza tangu aache kucheza. Msichana mmoja aliangusha mpira uliowagharimu pointi mbili, na walipotoka uwanjani akakaa mwisho wa benchi akilia. Binti yangu alikwenda akachuchumaa mbele yake. Hakumfokea wala hakumkumbatia. Alichukua glovu ya yule msichana, akaikagua, akaona ugwe wa ngozi uliolegea katikati ya vidole, akauvuta kwa meno mpaka ukakaza, akaufunga fundo, akamrudishia. Msichana akafuta uso akarudi mchezoni. Tangu siku hiyo sijui tena kama ninachokipinga ni kazi yenyewe au ni hofu yangu tu, na ndiyo maana ninakuandikia.

Nimzuie?

Mama wa Tanga, Houston

*

Marahaba, mdogo wangu.

Usimzuie. Na kati ya kazi hizo mbili naona yeye ndiye aliyechagua vizuri: achukue ile ya chuo kidogo, mradi mambo matatu nitakayoyaeleza yathibitishwe kwa maandishi kabla hajatia saini. Nimefanya kazi miaka 19 katika ofisi ya taaluma ya wanamichezo wa chuo kimoja cha Marekani, kazi yangu ikiwa ni kuhakikisha wachezaji wanahudhuria madarasa na kufaulu, na meza yangu ilikuwa kwenye ukumbi mmoja na makocha. Nimewaona wakiajiriwa na nimewaona wakifungasha vitu vyao kwenye maboksi. Nitakueleza niliyoyaona.

Unauliza kama hii ni kazi ya mtu kuishi nayo mpaka azeeke. Carol Hutchins alikuwa kocha mkuu wa softiboli wa chuo kikuu cha Michigan kuanzia mwaka 1985 hadi 2022, misimu 38 mfululizo mahali pamoja, akastaafu akiwa na ushindi 1,707, wingi ambao hakuna kocha wa softiboli wa divisheni ya kwanza aliyekuwa ameufikia, na mwaka 2005 timu yake ilikuwa ya kwanza kutoka mashariki ya mto Mississippi kutwaa ubingwa wa taifa wa NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani. Ninamtaja kwa sababu ya jambo lililotangulia hayo yote. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kingine, Michigan State, yeye na wenzake wa timu ya mpira wa kikapu walikishtaki chuo chao mwaka 1979 kwa kuwapa wasichana huduma duni kuliko wavulana. Sheria waliyoisimamia ni ile iitwayo Title IX, iliyopitishwa mwaka 1972, inayokikataza chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa jinsia yake, michezo ikiwemo. Kazi aliyopewa binti yako imesimama juu ya sheria hiyo. Chuo kidogo cha magharibi mwa Texas hakimwajiri kwa hisani wala kwa sababu mchezo umekuwa mtindo. Chuo chenye timu za wavulana kinapaswa kuwapa wasichana nafasi inayolingana, na timu ikiwapo lazima awepo wa kuifundisha.

Kuna jambo katika historia hii ambalo huniuma kila ninapolitaja. Kabla ya sheria hiyo, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake, mara nyingi kwa malipo madogo sana au bila malipo yoyote. Mishahara ilipoanza kuwa ya maana, wanaume wakaja kuzitafuta kazi hizo, na leo wanawake hawafiki nusu ya makocha wakuu wa timu za wanawake. Kwa hiyo binti wa miaka 24 anapoambiwa aje awe kocha mkuu, asiwe wa kubeba mipira, hilo si jambo dogo, na watu wa kwao wakilichukulia kama mzaha wanaumiza zaidi ya wanavyodhani.

Sasa nizungumze na mume wako, kwa heshima, kwa sababu hoja yake ina msingi. Ni kweli kwamba fedha na sifa ziko divisheni ya kwanza. Mashindano ya mwisho hufanyika Oklahoma City mbele ya maelfu ya watu na kamera za televisheni, na Patty Gasso, kocha wa chuo kikuu cha Oklahoma, analipwa zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka. Mwaka 2024 mrushaji mmoja, yaani yule anayemrushia mpigaji mpira, NiJaree Canady, alihamia chuo kikuu cha Texas Tech kutoka kile cha Stanford kwa mkataba wa matangazo uliozidi dola milioni moja, na kuanzia msimu wa 2025 na 2026 vyuo vikubwa vimeruhusiwa kuwagawia wanamichezo wao mamilioni ya dola kwa mwaka, kikomo cha msimu huo kikiwa dola milioni 20.5, ingawa sehemu kubwa ya fedha hizo inakwenda kwenye futiboli ya Kimarekani na mpira wa kikapu wa wanaume. Baba anaona mto mkubwa wa fedha na angependa mwanawe asimame ukingoni. Msaidizi wa tatu, hata hivyo, yuko mbali na maji. Mpaka katikati ya mwaka 2023 nafasi ya namna hiyo katika timu nyingi ilikuwa ya kujitolea, mtu akifanya kazi bila mshahara akitumaini kuonekana, hadi NCAA ilipofuta utaratibu huo. Mwenye nafasi hiyo hurusha mipira ya mazoezi, hukata video za wapinzani, hupanga hoteli na chakula cha safarini, na anaweza kukaa miaka mitano bila kuamua jambo hata moja peke yake. Zaidi ya hayo, maisha yake yamefungwa kwenye maisha ya kocha mkuu. Timu ikishindwa misimu miwili na mkuu akafukuzwa, wasaidizi huondoka naye, hata kama wao walifanya kazi yao barabara. Maboksi niliyoyataja hapo juu, mengi yalikuwa ya wasaidizi.

Sisemi njia ya msaidizi haifiki popote. Kelly Inouye-Perez alikuwa mdakaji wa UCLA, chuo kikuu cha California kilichoko Los Angeles, kama binti yako alivyokuwa mdakaji wa chuo chake, akawa msaidizi hapohapo kwa zaidi ya miaka kumi, akashika timu mwaka 2007, na ametwaa ubingwa wa taifa akiwa mchezaji, akiwa msaidizi na akiwa kocha mkuu. Lakini yeye alilelewa na mkuu wake ndani ya nyumba iliyomjua tangu ni msichana. Kama huyo kocha mkuu wa chuo kikubwa anamjua binti yako kwa namna hiyo, na ana sifa ya kuwatoa wasaidizi wake wakawe wakuu kwingine, basi baba ana haki na ninabadilisha maneno yangu. Katika barua yako sijaona dalili ya hilo.

Upande wa pili, watazame wawili waliotwaa ubingwa wa NCAA mara nane kila mmoja. Mike Candrea wa chuo kikuu cha Arizona, ambaye pia aliiongoza Marekani kutwaa dhahabu ya Olimpiki Athens mwaka 2004, alitokea Central Arizona College. Patty Gasso, kabla ya kwenda Oklahoma na kuanza msimu wake wa kwanza mwaka 1995, alikuwa kocha wa Long Beach City College. Vyote viwili ni vyuo vya miaka miwili, vya aina ileile ambayo binti yako ameitiwa. Na hata huko Oklahoma, timu ya Gasso mwanzoni ilichezea kwenye bustani ya umma ya mji, kwa sababu chuo hakikuwa na uwanja wa softiboli. Makocha wengi wa vyuo vya miaka miwili hawafiki huko na wala hawatafuti kufika, kwa hiyo usimpimie mwanao kwa watu hao wawili. Nimewataja kwa sababu ya kile ambacho chuo kidogo humlazimisha mtu kujifunza mapema.

Nilifanya kazi miaka kadhaa karibu na kocha wa chuo cha namna hiyo, mwanamke mfupi mwenye shada la funguo lililokuwa likisikika kabla hajaonekana. Mvua ikinyesha usiku nilikuwa nikifika kazini asubuhi na kumkuta tayari uwanjani, suruali imelowa hadi magotini, akisukuma maji kwa ufagio wa mpira kutoka kwenye duara la mrushaji, kisha akimwaga udongo mkavu na kuupiga reki kwa mistari iliyonyooka kama tuta la mchicha. Saa nne alikuwa ofisini akibishana na msambazaji kuhusu bei ya helmeti. Saa saba alikuwa mlangoni kwangu akitaka kujua kwa nini mrushaji wake amepata alama ya chini kwenye hesabu, na hakuwa akiondoka mpaka tupate mtu wa kumfundisha. Mchana mazoezi, jioni simu kwa wazazi wa wasichana anaowataka mwakani, usiku mashine ya kufulia jezi. Kazi zote hizo ni za kocha mkuu. Katika chuo kikubwa zimegawanywa kwa watu kumi, na msaidizi wa tatu hugusa mbili au tatu tu.

Tena chuo cha miaka miwili kina mwendo wake. Mchezaji huingia, na baada ya misimu miwili huondoka, kwa hiyo kila mwaka kocha hupoteza karibu nusu ya timu na lazima aende kuitafuta nusu nyingine. Wanaokuja ni wasichana ambao vyuo vikubwa viliwapita: aliyechelewa kukua, aliyeumia goti mwaka ambao makocha walikuwa wakimtazama, ambaye alama zake hazikutosha, ambaye nyumbani hakuna wa kulipa ada. Kocha wa hapo hupimwa kwa ushindi, ndiyo, lakini wenye busara humpima pia kwa idadi ya wasichana waliomaliza masomo na kupata nafasi katika chuo cha miaka minne. Soma tena aya yako kuhusu glovu na ugwe wa ngozi. Msichana aliyekuwa akilia hakuhitaji maneno wakati ule, alihitaji mtu amwonyeshe kwamba kuna kitu kinachoweza kurekebishwa na kwamba bado anatakiwa uwanjani. Nimewaona makocha wenye miaka ishirini kazini ambao hawajui kufanya hivyo. Na wala sishangai kwamba anayejua alikuwa mdakaji, kwa sababu mdakaji ndiye mchezaji pekee wa timu anayeanza kila mpira akiwa amewatazama wenzake wote usoni.

Kuhusu fedha, dola 41,000 pamoja na chumba, katika mji ambao kodi ya nyumba ni ndogo, zinaweza kumwachia akiba kuliko dola 46,000 katika mji wa chuo kikuu ambako atalipa pango la kila mwezi. Aidha, kwa kuwa ni chuo cha umma cha Texas, mfanyakazi wa kudumu huingizwa kwa kawaida katika mfuko wa pensheni wa walimu wa jimbo, uitwao TRS, ambao baada ya miaka mitano ya utumishi humpa mtu haki ya pensheni. Bima ya afya pia ipo. Hizo ndizo faida ambazo wewe na mume wako mmezitafuta katika kila kazi mliyoifanya nchi hii, kwa hiyo msizidharau zinapokuja zimevaa kofia ya mchezo.

Hapa ndipo penye yale mambo matatu. La kwanza ni chumba. Mara nyingi anayepewa chumba bwenini hupewa pia zamu ya kuwaangalia wanafunzi usiku, na kocha aliyerudi na basi saa saba za usiku kisha akaamshwa saa tisa kwa ajili ya kengele ya moto atachoka kabla ya Machi. Mkataba useme kama chumba kina kazi ndani yake, na kama anaweza kukaa humo Juni na Julai wanafunzi wanapoondoka. La pili ni msaidizi. Aulize bila haya kama chuo kitamlipa msaidizi wa muda wote, au wa muda mfupi tu, au hakuna kabisa. Wanawake wengi niliowaona wakiiacha kazi hii waliiacha mtoto wa kwanza alipozaliwa, na kila mara nilipofuatilia niliona kwamba hapakuwa na mtu wa pili wa kushika timu kwa wiki mbili. La tatu, nalo ni la usalama wa roho yake, ni nani anayeendesha gari. Timu za vyuo vidogo hucheza michezo miwili kwa siku moja na kurudi usiku uleule, na katika vyuo vingine kocha mwenyewe ndiye hushika usukani wa vani yenye wasichana kumi nyuma. Mume wako anajua kuliko mimi mtu aliyesimama juani kutwa nzima anavyosinzia kwenye barabara iliyonyooka ya magharibi mwa Texas. Mwombeni baba huyo awe ndiye atakayemfundisha binti maswali ya kuuliza: saa ngapi za mwisho za kuendesha, dereva wa kukodi kwa safari ndefu, fedha za hoteli zikiwa zimetengwa tangu mwanzo wa mwaka. Nadhani mazungumzo hayo yatamrudisha karibu na mwanawe kuliko kubishana kuhusu televisheni.

Kuhusu rangi na uhamiaji, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Makocha wakuu weusi katika softiboli ya divisheni ya kwanza ni wachache mno. Wapo, kama Tairia Flowers, aliyekuwa kwenye kikosi cha dhahabu cha Athens, akawa kocha mkuu wa Cal State Northridge na baadaye Loyola Marymount, lakini orodha ni fupi, na binti yako atakaa kwenye vyumba vya mikutano ambamo ni yeye peke yake. Kinachosaidia ni kutokuwa peke yake nje ya vyumba hivyo. Ajiunge na NFCA, chama cha taifa cha makocha wa softiboli, ambacho kina kozi zake za ukocha na mkutano mkuu kila Desemba, kwa kuwa kazi nyingi katika mchezo huu hupatikana kwa mtu kumtaja mtu. Tena, kuwa tayari kocha mkuu, hata wa chuo kidogo, humwondolea swali ambalo watu kama yeye huulizwa zaidi kuliko wengine, yaani kama anaweza kuongoza.

Suala la ndoa nitalijibu kwa kifupi, kwa sababu ni lake. Msimu huanza Februari, na kuanzia hapo hadi Mei hana mwisho wa wiki, na kiangazi huzunguka kwenye mashindano ya wasichana wa sekondari akitafuta wachezaji. Mwanamume atakayemwoa lazima alijue hilo mapema, jinsi wewe ulivyolijua kwamba mume wako ni dereva wa masafa. Gasso amelea wana wawili katika kazi hii, na mmoja wao, JT, sasa ni msaidizi wake hapohapo Oklahoma.

Uuguzi bado upo. Kozi za kasi kwa mwenye shahada huchukua kwa kawaida miezi 12 hadi 18, na zitakuwepo akiwa na miaka 27. Jambo la kuangalia ni kwamba baadhi ya vyuo hutaka masomo kama anatomia na mikrobiolojia yawe yamesomwa ndani ya miaka fulani iliyopita, kwa hiyo akiandikie chuo cha Houston barua ya heshima, aombe nafasi yake isogezwe mbele na aulize masomo yake yatadumu mpaka lini. Dola 500 huenda zimekwenda. Kisha kubalianeni ndani ya nyumba kwamba mtaitazama kazi hii baada ya misimu miwili, darasa lake la kwanza litakapokuwa limeingia na kutoka, na kabla ya hapo asiulizwe kila Idi kama bado anacheza.

Na kuhusu jibu ulilompa yule mama kwenye send-off, hukudanganya, mdogo wangu. Kwetu mchezaji humwita kocha wake mwalimu, kutoka timu za mtaani mpaka timu ya taifa, na hakuna anayecheka. Ukiulizwa tena, jibu vilevile, halafu ongeza jina la chuo.

Ratiba ya michezo hutolewa mapema. Mwombe akutumie, uombe ruhusa kazini kwa siku tatu za mwezi Februari, na mwende wewe na baba yake. Bebeni makoti mazito, kwa sababu upepo wa nyanda zile haufanani na wa Houston, na mkae nyuma ya wavu, upande wa mdakaji, mahali ambapo sauti yake akiwaelekeza wasichana itawafikia.